Mama Huangalia Mikono

"Tena!" alifoka Mzee Imre. "Na ondoa mikono mezani. Kina mama huangalia mikono kwanza."

Leonce aliificha mifukoni mwa koti jeupe la kuazima. Vidole vilikuwa vimebabuka kwa dawa za kusafishia, maana kazi yake ilikuwa kuogesha wazee kwenye nyumba moja ya kulelea hapo Katy, Amerika. Chuo cha udaktari alikiacha mwaka wa pili, ada ilipomshinda. Mama yake kule Bukoba hakuwahi kuambiwa.

Sasa uongo ule ulikuwa umemrudia. Mama alikuwa na uvimbe tumboni, madaktari wanataka kumpasua haraka, na mwenyewe amegoma.

"Kaka, hasikii la mtu," dada yake Prudensia alikuwa amelia kwenye simu asubuhi. "Anasema kisu hakimgusi mpaka daktari wake amwambie. Na daktari wake ni wewe."

"Nita-record video nimwambie leo leo, niko off kazini," alijibu, akakata simu.

Ndipo akapiga hodi kwa jirani. Jengo zima lilimjua Mzee Imre, Mhungari asiyevua skafu hata jua likiwaka: dairekta wa filamu na tamthilia za televisheni huko Budapest, enzi zake. Filamu zenyewe hakuna aliyeziona. Mwenyewe alisema za zamani zile haziko mtandaoni, na taa zake kubwa za studio ziliwafunga watu midomo.

"Usimwambie unampenda," Imre alielekeza. "Atashtuka, atadhani unamuaga. Lalamikia chakula. Piga miayo, mtu mwenye kazi kubwa huchoka. Halafu ndipo utaje upasuaji, kama jambo dogo tu."

"Mzee, haya yote umeyajulia wapi?"

"Kazini. Tena!"

Safari hii ilikaa sawa. Wakaituma video, wakasubiri mpaka chai ikapoa. Leonce alijiona mwana laghai kuliko wote waliowahi kunyonya. Kisha ikaingia sauti ya mama.

"Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Haya, waambie wenzako wa huku nimekubali. Wanipasue."

Leonce aliangua kilio, aibu na nafuu kwa pamoja.

Imre alimwacha alie mpaka aliporidhika. Kisha akamkabidhi kamera, akaketi yeye kwenye mwanga, akakaza skafu na kuinua kidevu.

"Sasa zamu yangu," alisema. "Niite 'Bwana dairekta', uniulize tunaanza lini. Upesi, nisichelewe kwenda kufagia dukani. Mama yangu kule kwetu Szeged ana miaka tisini na mbili, na bado anawasimulia majirani filamu ninazotengeneza Amerika."