Majibu ya Evelyn

Evelyn alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake kabla wazee hawajaketi, na hilo lilimthibitishia Ndulu, mama mkwe wake, yote aliyoyashuku. Asiye na hatia hufunga mizigo ya nini?

Miezi minne ilikuwa imepita tangu homa imchukue Muasya, mwanawe wa pekee. Kasigau nzima ilijua kwamba Evelyn, mkewe, alikuwa ametoka matangani kwao Wusi siku tatu tu kabla mumewe hajaanza kuugua. Ndulu alisema mara moja mbele ya wazee, "Huyu ndiye aliyetuletea." Ikatosha. Leo wangeamua kama mjane huyo atabaki shambani au atarudi kwao.

Walikuwa wakimngoja Derrick, mtafiti wa chanjo. Alikuwa amepima damu ya kila nyumba, akawaeleza kwamba virusi nao wana koo zao, na kingamwili, yaani kinga zinazobaki katika damu ya mtu aliyeugua akamshinda mmoja, zaweza kuonyesha njia ya kuwazuia ndugu zake wote. Wazee walisikia jingine: damu itamtaja mwenye kosa.

"Majibu ni siri ya mwenyewe," Derrick alimwambia Mzee Mulinge alipofika. "Sikuja kuhukumu."

"Damu umetoa kwetu, siri umeweka kwako," Mulinge akanung'unika. "Kweli umesoma."

Derrick akamwita Ndulu nyuma ya gari lake.

"Mama, damu yako ina kingamwili nyingi sana. Ndizo tulizokuwa tukizitafuta. Uliugua lini?"

"Kuugua? Homa kidogo tu. Nilimeza dawa za malaria, nikaendelea kumpikia mwanangu."

"Yeye alikuwa ameshaanza kuugua?"

"Bado. Yeye alianza baada ya wiki mbili."

Kalamu ya Derrick ikasimama. Ndulu alilisikia jibu lake mwenyewe kana kwamba limesemwa na mtu mwingine.

Aliporudi, wazee walimkazia macho. Evelyn akainuka, mkoba begani, akamsogelea karibu wasisikie.

"Usiwaambie kitu, mama," alinong'ona. "Majibu yangu nilipewa Jumatatu. Homa hiyo haijawahi kunigusa. Lakini nyumba ile tulikuwa watatu tu. Mimi nina kwetu Wusi. Wewe ungekwenda wapi?"