Andika Kompyuta

"Niandike kwamba hapa ni ushonaji, Mama Générose. Kodi yake ni kidogo," mtoza kodi alimnong'oneza mlangoni.

Alikuwa akimhurumia. Karakana ya kompyuta kama hii ya Générose ilikuwa kitu kipya mjini Kalemie, na kodi yake kubwa ingeweza kuifunga kabla haijatimiza mwaka.

Générose akageuka. Mashine zilikuwa zikivuma, hewa yao ya moto ikitikisa pazia. Wasichana aliowafunza mwenyewe walikuwa wakiifundisha kompyuta kuelewa Kitabwa, lugha ya kwao.

"Hapa hakuna anayeshona, Papa. Hii njo kazi yetu. Andika kompyuta, tutalipa. Serikali ijue tuko."

Mtoza kodi akawatazama wale wasichana. Kisha akavua kofia.

"Basi nionyeshe kwanza, Mama. Hiyo kazi sijawahi kuiandika."