Bendera ya Ndani

Kabla ya kufunga kila bendera, Bi Tausi alipiga magoti kwanza, aione njia kama mtoto anavyoiona.

"Dada, unawadekeza," alimtania Kombo, mwenzake wa kuandaa mbio za ramani, za watoto kutafuta bendera msituni. "Bendera zote zinaonekana toka njiani! Hizi mbio au matembezi ya kupeleka posa?"

"Ndiyo mara yao ya kwanza. Waache wafike."

Kombo akaacha utani, akamshikia kamba ya bendera. Mwaka jana bendera zilifungwa juu, usawa wa macho ya watu wazima. Riziki, binti wa Bi Tausi, aliikosa moja, akazidi kuingia msituni. Mpaka leo hajaonekana.

Filimbi ikalia. Watoto wakatawanyika na ramani zao, na msitu ukajaa kelele: "Nimeiona! Nimeiona!" Wakarudi wote, wakapewa uji.

Kombo akaanza kuzikusanya bendera. "Na ile kule ndani? Mbona haimo kwenye ramani?"

"Iache, kaka. Hiyo si ya hawa."

Ilikuwa imeshonwa kwa gauni la Riziki, lile la rangi ya chungwa. Bi Tausi akaipita, akaingia kwenye giza la miti, akageuka, akapiga magoti, aone kama inaonekana vizuri kwa anayetoka huko.