Yatoke Vizuri

Fundi alikuwa akikwaruza kwa ncha ya msumari plastiki aliyoipaka rangi mwenyewe jana yake. Miaka yote ya kufuta mikwaruzo kwenye magari ya watu, hakuwahi kuutia hata mmoja kwa makusudi.

Akaandika M. Akaandika A. Akajifuta jasho, akautazama mlango wa karakana kama mwizi.

Pikapu ilikuwa ya Bwana Mbao, muuza mbao wa mtaa wa pili. Aliileta akaondoka mbiombio bila hata kukaa, kisha akapiga simu, msumeno ukilia nyuma yake.

"Fundi, plastiki zote za ndani zipige msasa, uzipake upya. Dashibodi, milango, zote."

"Sawa, mzee."

"Na yale maandishi kwenye kifuniko cha kidroo, pale mbele ya abiria. Nataka yatoke vizuri. Mke wangu hajapanda gari hilo tangu mwaka jana. Jumamosi nataka apande."

"Yatatoka, mzee. Ondoa shaka."

Kifuniko alikikuta kimechorwa kwa kitu chenye ncha: MAMA. Herufi zilikuwa zimelala upande kama uzio uliopigwa na upepo, na M ya pili ilikuwa na mguu wa ziada. Fundi akacheka. Mtundu gani huyu, na viboko alikula vingapi?

Akazifungua plastiki moja moja, akaziosha kwa sabuni, akazipitisha msasa mkali, kisha ule laini wa maji. MAMA ilikuwa mbishi. Aliisugua huku akipiga mluzi mpaka vidole vikafa ganzi, na ule mguu wa ziada ndio uliokuwa wa mwisho kuaga. Akapuliza praima, ile rangi ya msingi, ilipokauka akapuliza nyeusi. Akapitisha kiganja. Laini kama shavu la mtoto mchanga.

Asubuhi iliyofuata akaingia Mama Cherehani, mshonaji wa chumba cha jirani, kuazima bisibisi.

"Kaka, wewe na msasa wako, ipo siku utajisugua pua ukidhani ni bampa."

Kisha akaiona pikapu. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Hii si ya Bwana Mbao? Maskini. Binti yake nilimshonea sare ya darasa la kwanza. Homa ikamchukua kabla hajaivaa. Mpaka leo ninayo sandukuni, naona uzito kuwapelekea."

Fundi akageuka kukitazama kile kifuniko.

"Huyo binti, alikuwa anajua kuandika?"

"Neno moja tu, basi aliliandika kila mahali. Hata meza yangu aliichora kwa chaki ya kupimia. Mbona umebadilika uso?"

Fundi akamweleza. Mama Cherehani akajishusha taratibu juu ya tairi bovu.

"Yatoke," akasema. "Yatoke kama doa, kaka, au yatoke kama picha?"

Fundi akalirudia neno lile moyoni. Doa likitoka, limekwenda. Picha ikitoka, imekuja. Na mtu anayetaka kumrudisha mama garini, atamwita aje kuona nini, kama si mkono wa mwanawe?

"Mpigie umuulize."

Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Amuulize nini? Na ikiwa ni picha, atamwambiaje baba mtu kwamba alama ya mwanawe imekuwa vumbi, na vumbi lenyewe ameshalifagia?

"Nilikuwa napiga mluzi," akasema. "Namsugua mtoto wa watu huku napiga mluzi."

"Hilo ni kosa la sikio, Mungu anaona." Mama Cherehani akainuka, akakung'uta nguo. "Usilifunike kwa la moyo."

Alipotoka tu, fundi akatafuta msumari.

Neno lile vidole vilikuwa vimelikariri. Akalilaza upande vilevile. Akaipa M ya pili mguu wake wa ziada, na hapo machozi yakamlenga. Akapuliza rangi kidogo juu ya mikwaruzo ili isionekane mipya. Kisha akaomba dua, ile fupi ya mtu anayejua hajaja na mikono safi.

Jumamosi Bwana Mbao alikuja na mkewe. Mama yule alisimama mbali, pale getini, ameukumbatia mkoba kifuani kwa mikono miwili.

"Ngoja nitangulie mimi," mumewe alimwambia kwa upole. "Nikiona pako sawa nitakuita."

Akafungua mlango wa abiria. Ndani palikuwa peusi, pametulia, panapendeza. Fundi alisimama nyuma yake na tambara mkononi.

Bwana Mbao akainama. Kidole chake kikaifuata M, kikapanda A, kikafika kwenye ule mguu wa ziada, kikaganda. Mabega yakaanza kumtikisika.

Amepokea, fundi akawaza. Asante, Mungu wangu, amepokea.

Kule getini mama yule alishapiga hatua ya kwanza.

Bwana Mbao akaubana mlango kwa mgongo, akakiziba kioo kwa mwili wake wote.

"Fundi," akanong'ona, "si nilisema yatoke?"

Kisha akapaza sauti, akijilazimisha kutabasamu:

"Mama, usije kwanza! Rangi haijakauka."