Punje ya Nne

Katika chumba kile cha mtihani, Chausiku ndiye aliyekuwa mtahiniwa mtu mzima peke yake. Kemia alijifunzia kwenye ungo, akichambua nafaka: punje ya mahindi ni haidrojeni, kunde ni oksijeni. Kusawazisha mlinganyo kwa kichwa tu, alikuwa hajapata kujaribu hata siku moja.

"Mama, mfukoni mna nini humo?"

Msimamizi alikuwa amesimama mbele ya dawati lake. Akazitoa punje nne na kunde mbili, lakini punje moja ikamponyoka, ikadondoka sakafuni.

"Ni atomu, mwalimu. Wallahi si majibu. Hebu tazama."

Akazipanga upesi upesi. Chembe moja ya maji inataka punje mbili na kunde moja. Aliunda ya kwanza, ikabaki kunde moja na punje moja.

"Kunde huja mbili mbili; hii ya pili haiwezi kupotea hivi hivi," alisema. "Nayo lazima ipate punje zake mbili, ndipo pande zote za mlinganyo zilingane."

"Nikiandika kwamba nimekukuta na vitu mfukoni, mtihani wako wote unafutwa," alisema msimamizi, akafungua kalamu.

Chausiku aliinama kuitafuta punje ya nne. Ilikuwa ikichungulia chini ya kiatu cha msimamizi.

"Samahani, mwalimu. Inua mguu kidogo."

Kalamu ilisita juu ya karatasi. Kiatu kilikuwa hakijainuka bado.