Stendi ya Matundu Matatu

Yule bibi alijigusa juu kidogo ya goti. "Hapa." Akajigusa kiunoni. "Halafu hapa." Mwisho akaweka kiganja chini ya kifua. "Halafu hapa. Unayo?"

Rodel alikuwa ameuza stendi za vinanda miaka minane pale Quiapo, Manila, na hajawahi kuona mtu anapima stendi kwa mwili wake, kama vile anashonewa gauni.

"Za wajukuu watatu, Lola?" akauliza; Lola ndilo neno lao la kumwita bibi.

"Stendi moja. Mpiga kinanda mmoja. Mimi."

"Sasa Lola, wewe kimo chako si ni kimoja? Vimo vitatu vya nini?"

"Naanzia hapa, namalizia pale."

Wauzaji wenzake wakaangua kicheko. Rodel akaelewa: bibi huyu anaanza amekaa, muziki ukikolea anasimama, mwisho anacheza kabisa. Miaka sabini na tatu! Akampenda hapo hapo.

Akamletea ile ya miguu ya mkasi, peso mia sita tu. Lola Luming akaipandisha mpaka juu, miguu ikakaribiana, akaigonga kwa nyonga. Ikayumba.

"Hii ukiipandisha inabana miguu kama mtoto aliyebanwa na mkojo. Toa."

Ya pili ilikuwa imara, lakini alipoona bei akaipita bila hata kuigusa. Akaenda mwenyewe mpaka pembeni, kwenye stendi ya nguzo mbili iliyokaa dirishani mwaka mzima kama pambo. Akahesabu matundu ya pini ya kupandishia kimo. Akaigonga kwa nyonga. Haikutikisika.

"Hii."

"Hiyo imechubuka rangi, Lola. Elfu moja na mia tano."

"Imechubuka, halafu elfu moja na mia tano? Elfu moja."

"Lola, utaniua!"

"Hufi. Na michubuko nitaipaka rangi ya kucha, mara tatu tatu, isishike kutu."

"Mbona itapendeza kumshinda bi harusi!"

Lola Luming akaacha kucheka. "Bi harusi hatashindwa na mtu. Ni mjukuu wangu, Analiza. Anaolewa Jumapili saa tisa, kanisani kwetu Hagonoy, kule pwani. Mama mkwe wake anataka tuhamie mjini, kwenye kanisa la kiyoyozi. Eti kwetu si mahali pa kufungia harusi. Nimebishana naye mpaka tukawekeana sharti: kinanda kikilia mpaka mwisho wa misa, karamu inafanyika kwetu, naye anakula kwangu. Kikinyamaza, Analiza anabebwa mjini na sherehe yake yote, na sisi tunaonekana hatuna kitu."

"Kwani kiliwahi kunyamaza?"

"Mwaka jana. Katikati ya misa."

"Stendi ilivunjika?"

"Haikuvunjika. Haikuwa na tundu la tatu."

Rodel akakuna kichwa. Hawa wanamuziki wazee wana mambo yao. "Basi ngoja nikupe na waya mrefu wa umeme."

"Waya wa nini? Natumia betri. Umeme siku hiyo tunauzima."

Maskini, akawaza Rodel, hata bili imewashinda. Akatamka mwenyewe, "Haya, elfu moja," kabla hajajizuia.

Lola akatoa pochi. Ikatoka na karatasi ya kalenda iliyokunjwa, chini ya kila tarehe namba ndogo, na Jumapili imezungushiwa duara jekundu.

"Namba za bahati nasibu hizo! Nipe na mimi, Lola, nitoke kwenye hili duka."

"Hizi hazina bahati nasibu, kijana. Hizi hazikosei."

Akaanza kuibeba stendi begani. Rodel akamfuata mpaka mlangoni. "Lola, nakuahidi. Ikiyumba Jumapili, nakurudishia hela yako yote."

"Utajuaje imeyumba, na wewe uko huku unacheka? Njoo uone." Akamtazama miguuni. "Na usije na hivyo viatu."

Wenzake wakampigia miluzi. Viatu vyenyewe vilikuwa vyeupe, vipya, vimemla nusu ya mshahara. Rodel akaapa: akienda, ataenda navyo hivyo hivyo. Bibi hawezi kumpangia mavazi. Na kwa kweli alitaka kumwona akicheza.

Jumapili akachelewa. Njia za Hagonoy zilimsumbua kuliko alivyofikiri, na alipofika uani mwa kanisa, misa ilikuwa inaishia, viatu vyeupe amevishika mkononi. Kinanda kilikuwa kinalia. Kilikuwa kinalia kwa nguvu, bila aibu, kama mtu anayegombana huku akijua ana haki. Watu wakaimba kwa kupiga kelele, hata wanaume.

Amefika tundu la tatu, Rodel akawaza. Sasa anacheza. Akajipenyeza mlangoni aone.

Lola Luming hakuwa anacheza. Amesimama wima, kinanda kimemfika chini ya kifua, michubuko ya stendi inang'aa nyekundu ya kucha. Akamwona Rodel, akaigonga stendi kwa nyonga ili aone, na haikutikisika.

Mama mkwe alikuwa amepanda juu ya benchi na viatu vyake kifuani, naye anaimba, huku Analiza na mumewe wakitoka madhabahuni polepole, bahari imejaa kama kalenda ilivyosema, imewafika mapajani, gauni linaelea nyuma yao katikati ya kanisa.