Programu Iliyompendeza Bibi

Programu ya tatu Bibi aliikataa hata haijamaliza kufunguka.

"Hii nayo inataka mtandao. Futa."

Mjukuu wake akafuta. Alikuwa ameketi juu ya marobota ya vitambaa, simu ya Bibi mkononi, moyo mzito. Bibi huyu, aliyekuwa anakumbuka vitu vya ukoo mzima mpaka soksi za watoto, leo anatafuta programu ya kumtunzia kumbukumbu! Asubuhi mama alimnong'oneza: "Kama ameanza kusahau, usimwonyeshe kwamba umejua."

Bibi alikuwa kwenye cherehani, anamalizia gauni la zambarau.

"Hebu nitajie tena unavyotaka," mjukuu alisema polepole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Mara ya pili unaniuliza? Basi wewe ndiye wa kuwekewa programu!" Bibi alicheka. "Nataka programu huria, iliyo wazi yeyote aone ilivyoundwa. Nguo nisiyoruhusiwa kuigeuza nikaona mshono wa ndani, siichukui. Maandishi yangu yakae kwangu, si kwa tajiri nisiyemjua. Na nikivuta neno moja, lije na ndugu zake."

Simu ikalia. Mjomba.

"Mama, ufunguo wa akiba wa stoo uko wapi?"

"Ndani ya birika bovu."

Haijapoa, ikalia tena. Shangazi.

"Mama, yule fundi bomba mzuri anakaa wapi?"

"Nyuma ya duka la rangi. Usimpe chai kabla hajamaliza."

Leo kaamka vizuri, mjukuu aliwaza.

Fundi saa wa duka la pili akachungulia dirishani. "Imepatikana?"

"Bado."

"Jamani, ipatikane." Akaenda zake akipiga mluzi.

"Huyu naye inamhusu nini?"

"Ana haraka zake. Leta ya nne."

Ya nne ilifanya kazi bila mtandao, na ilikuwa huria kweli. Bibi akaandika machache ya kujaribia, kisha akatafuta "mjomba". Yakaja yote pamoja: ufunguo wake, dawa yake ya mgongo, mahali kilipo cheti chake cha kuzaliwa. Bibi akapiga makofi.

"Na haya yote yanaweza kuingia kwenye simu zenu? Mkayasoma bila mimi?"

Bila mimi. Mjukuu akainama, akajifanya anaokota pini. Kumbe si kusahau tu, ni kuaga! Akatafuta la kusema, akaona gauni.

"Mwenye gauni mbona haji kulijaribu?"

"Vipimo vyake navijua."

"Na kiuno umekibana hivyo?"

"Ndivyo anavyotaka. Mwache aringe."

Mjukuu akashindwa kujizuia. Machozi yakamtoka. "Bibi, usitufiche. Daktari kasemaje?"

"Daktari gani tena?"

Bibi akakata uzi kwa meno, akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, gauni lilikuwa limemkaa sawasawa. Akajigeuza mbele ya kioo, huku na huku.

"Futa machozi, uwawekee wote programu hiyo kabla ya Jumamosi," alisema. "Mwambie na mama yako: fungate nzima simu yangu itazimwa, na ya fundi saa pia."